Kilio cha Kumi na Moja

Lubumbashi, tarehe 3 Machi 2025

Kwa Papa Germain Kabongo,
mtangazaji wa habari za usalama, Panda, Likasi

Papa Germain,

Salamu. Najua jina lililo chini ya barua hii litakukata miguu, kwa hiyo keti kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Kamati ya Kadi imenikabidhi faili lako. Mwaka huu kila mwandishi wa habari za usalama wa taifa anapimwa upya: anasema kweli kiasi gani, na anaegemea upande gani. Zamu yako imewahishwa kwa sababu ya tangazo lako la tarehe 30 Januari. Wakubwa wa usalama walisema wachimbaji wawili walifukiwa na udongo kwenye machimbo ya nyuma ya Kambove. Wewe ukasema walikuwa kumi na mmoja, na kwamba walipigwa risasi na walinzi wenye sare. Tume ya uchunguzi inangojea Kinshasa. Kamati ikisema unaaminika, tume inakuja mwezi wa tano na kulifungua jambo hilo. Ikisema huaminiki, haipandi hata ndege, na wafu wako wanabaki wawili.

Nimeambatanisha fomu. Jaza mistari yote. Wa nane unauliza umeipataje idadi. Wa tisa ni wa sote wawili, mpimaji na anayepimwa: je, kuna undugu, urafiki au ugomvi wowote kati yako na mtu anayehusika na jambo hili? Wangu nimekwisha kuujaza.

Jibu kwa barua, umpe Idi, dereva wa basi la asubuhi. Simu yako inasikilizwa na watu wengi kuliko kipindi chako.

Zamani pale studioni uliniita mutoto. Sasa nina miaka arobaini na miwili.

Émérence Ngoie, mpimaji


Likasi, tarehe 6 Machi 2025

Mama Émérence,

Niliketi kama ulivyoniagiza. Kisha nikacheka, nikacheka mpaka binti yangu Bénie akaacha cherehani yake chumba cha pili akaja kuuliza kama nimeugua. Kamati nzima, na watu walivyojaa Lubumbashi, imekuona wewe ndiye wa kunipima mimi kuhesabu wafu!

Huku hatujasahau. Mwaka wa 2011 ulisema hewani kwamba watu watatu wamekufa kwenye machimbo ya chokaa ya Kakontwe. Jioni mmoja wao akaingia kwao kwa miguu yake, viatu mkononi, akauliza chakula kiko wapi, na mama yake alikuwa amekwisha kunyoa kichwa. Nilikufukuza palepale, kipaza sauti kikiwa wazi, na maneno yangu ninayo bado: "Huyu mutoto hajue kuhesabia bafu. Aende akahesabie nyanya ku soko." Leo ningeyasema tena. Mtu aliyekosea wafu mara moja, watu hawatamwamini hata akisema mvua inanyesha.

Haya, mstari wa nane. Chukua kalamu ujifunze, kwa kuwa uliondoka kabla ya somo hili. Maiti zililetwa kwa lori alfajiri, nyumba hadi nyumba, na wenye wafu wakaambiwa wazike upesi na waseme ni udongo. Hospitali haikuandika kitu. Wewe ungempigia simu msemaji wa usalama. Mimi nilikwenda kwa Mama Mado, yule anayekodisha viti vya plastiki na maturubai. Hapa Likasi mtu unaweza kumwamuru azike kimya, lakini huwezi kumfanya awakalishe wajomba zake chini. Mama Mado ana daftari: nyumba ya nani, mtaa gani, viti vingapi. Wiki ya kawaida anapeleka viti kwenye vilio vitatu au vinne. Wiki ile alipeleka kwenye vilio kumi na vitano. Nikapita nyumba kwa nyumba, nikavikalia viti hivyohivyo, nikasikiliza wanavyolia na wanamlilia nani. Wazee wanne walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, nikawatoa. Wakabaki kumi na mmoja. Kumi niliwafikia mwenyewe. Nyumba moja tu, ya kule Kambove, sikufika kwa sababu walinzi walikuwa wamefunga barabara, nikaliamini daftari.

Majina yao kamili sikuyatoa. Niliwataja kama mtaa unavyowaita, kwa majina ya watoto wao: Papa Stéphanie, Papa Matumaini, Papa Jessy, na wenzao. Majirani wanawajua, na msemaji hajui aende kugonga mlango upi.

Mstari wa tisa: hapana.

Na uandike vizuri, mwanangu. Bila kadi mimi si mwandishi tena, ni mtu anayesambaza uvumi juu ya usalama wa taifa, na unajua watu wa namna hiyo wanapelekwa wapi.

Mimi niliyekufundisha kushika kipaza sauti,
Germain


Lubumbashi, tarehe 17 Machi 2025

Papa Germain,

Alhamisi nilikuwa Likasi. Sikukupigia hodi, maana mpimaji hali chakula kwa anayempima, na hasa sikutaka chakula chako.

Nilimkuta Mama Mado nyuma ya ghala lake anaosha viti. Daftari ni la kweli. Amelishika vizuri kuliko serikali inavyoshika mafaili yake, na mbinu yako ni nzuri, nakubali bila kinyongo. Nikaanza kumsomea majina uliyoyataja hewani. Nilipofika kwa Papa Stéphanie akaacha kusugua. "Papa Stéphanie? We! Ule si bwana ya Bénie, mutoto ya Papa Germain? Viti hamusini nilipeleka pale kwake mwenyewe."

Mstari wa tisa: hapana. Umeuandika kwa wino wa bluu na ukaupigia mstari chini. Kumbe mmoja wa wafu wako ni mkwe wako, baba wa mjukuu wako, na maiti yake ililala sebuleni kwako. Jina la Stéphanie ulilisoma hewani kwa sauti ileile ya kutangazia bei ya unga. Na yule Bénie uliyeniandikia kwamba aliacha cherehani kuja kukuuliza kama umeugua, alikuwa mjane wa wiki sita. Wewe ukaona kinachofaa kuniandikia ni kicheko chako.

Ulitufundisha kwamba anayeficha undugu wake ameuza kipindi. Nililiandika neno hilo kwenye daftari langu la kwanza, na daftari hilo ninalo mpaka leo.

Bado kuna ile nyumba ya Kambove. Nilipomuuliza Mama Mado aliinamia ndoo yake. "Ya Kambove, mama, umuulize Bénie. Ye njo anajua." Nikaona anataka tu kunisukumia kwa mtu mwingine ili amalize viti vyake. Mimi siendi kumhoji mjane aliye kwenye msiba. Nitakwenda Kambove mwenyewe.

Kuhusu mstari wa tisa ninangojea maelezo.

Émérence


Likasi, tarehe 19 Machi 2025

Émérence,

Ndiyo. Barnabé alikuwa mkwe wangu. Aliniita Papa kwa miaka sita, na mtoto wa kiume mwingine sina. Walimshusha mlangoni kwangu amefungwa kwenye turubai la mchanga, na aliyemshika miguu ni mimi.

Unataka maelezo. Kama ningesema hewani kwamba mkwe wangu yumo, kesho yake msemaji angesema nini? Angesema, mzee wa watu ana uchungu, mwacheni alie. Wale wengine wote wangefukiwa tena, safari hii chini ya neno mkwe. Nilimficha mmoja ili wengine wasikike. Kosa ni kosa, liandike, lakini liandike pamoja na sababu yake. Wewe uliwahi kuwa mwandishi, walau kwa muda.

Ahsante kwa kutokwenda kwa Bénie. Tangu Januari haongei na mtu ila habari za vipimo vya nguo. Kaa mbali naye.

Kambove nenda. Siku hizi barabara imefunguliwa. Utakikuta kilio cha kumi na moja, na baada ya hapo utaniomba msamaha.

Germain


Lubumbashi, tarehe 27 Machi 2025

Papa Germain,

Sikurudi na msamaha.

Nyumba ni ya matofali mabichi, nyuma ya soko la Kambove. Mwenye nyumba anaitwa Colette, na mtoto wake, Jessy, ana miezi kumi. Ukutani kuna picha ya mwanamume aliyeegemea pikipiki nyekundu. Ana koti la manjano na pengo la jino la mbele. Kwenye tangi la pikipiki kumebandikwa maneno MUNGU IKO. Pikipiki hiyo unaijua, Papa. Mama Mado aliniambia imefunikwa gunia uani kwako.

Nilimuuliza Colette huyu ni nani. "Njo Papa Jessy. Alikuwa anakuya huku kila juma. Ku Panda alikuwa na bibi mukubwa, mutoto ya muntu ya redio." Alilisema bila kiburi na bila aibu, akimpangusa mtoto pua.

Maiti hakuletewa. Ililetwa kwako. Yeye alikaa siku tatu uani na ile picha juu ya kiti, na watu wakaja wakamlilia mtu wa kwenye picha. Nilimuuliza viti vilitoka kwa nani, akasema, "Vilikuya tu na gari ya Mama Mado. Sijue nani alituma." Ndugu wa mume, nadhani.

Kwa hiyo Papa Stéphanie wa Panda na Papa Jessy wa Kambove ni mtu mmoja. Umemhesabu mkwe wako mara mbili. Hata yule wangu wa Kakontwe nilimhesabu mara moja tu.

Wafu ni kumi. Nimezipitia nyumba zile nyingine tisa na zote ni za kweli, na risasi ni za kweli. Nakupa nafasi ambayo mimi sikupewa. Mpaka tarehe 10 Aprili, kwenye kipindi chako cha Alhamisi, sema kwamba ni kumi na useme kwa nini. Ukifanya hivyo nitaandika kwamba mwandishi alikosea na akajisahihisha mbele ya watu, na kwamba anaaminika. Tume itakuja.

Idadi inayobadilika bila sababu ni uongo wa pili. Hilo nalo nililisikia kwako.

Émérence


Likasi, tarehe 29 Machi 2025

Émérence,

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni, kisha nikaitia kwenye makaa ya mbabula. Bénie alikuwa uani anaanika nguo. Akauliza, "Papa, mbona moshi?" Nikamwambia ni karatasi za zamani.

Mwanaharamu yule! Alikula mezani kwangu. Aliombea chakula mezani kwangu, macho amefumba. Mungu anisamehe kumsema vibaya maiti, lakini nimekwenda uani nikaipiga teke pikipiki yake mpaka ikaanguka.

Sasa nisikilize. Alhamisi nitasema kumi. Sababu siwezi kuisema. Kila nyumba ya Panda inasikiliza kipindi kile, na cherehani ya Bénie iko mita tatu kutoka redioni. Amenunua kitambaa cheusi cha mwaka mzima. Anakivaa kwa ajili ya mtu aliyemheshimu, na mtu huyo ndiye kitu pekee alichobaki nacho. Mwachie.

Andika chochote juu yangu. Andika kwamba mimi ni mlevi, kwamba nilichanganya kurasa za daftari, kwamba uzee umenipanda kichwani. Nitatia sahihi. Lakini hilo la nyumba mbili usiliandike. Ninakuomba. Sijamwomba mtu kitu tangu nizaliwe, na sijui hata kama ninaomba vizuri.

Na usidhani ninakupigia magoti kwa sababu umekuwa mkubwa. Kwangu wewe bado ni yule msichana wa Kakontwe. Yule mama aliyenyoa kichwa bure anaishi bado mtaa wa pili kutoka hapa. Nywele zimeota, lakini jina lako analitaja.

Germain


Lubumbashi, tarehe 14 Aprili 2025

Bwana Germain Kabongo,

Alhamisi tarehe 10 nilikisikiliza kipindi chako tangu wimbo wa kufungulia mpaka wa kufungia. Ulizungumzia vibali vya pikipiki kwa dakika arobaini.

Usiku wa kuamkia leo sikungoja tena, nikakabidhi tathmini, na Kamati imeipitisha asubuhi bila kupiga kura. Ninakunakilia yanayokuhusu.

Uhakika wa habari: duni. Upendeleo: mkubwa, na umefichwa kwa makusudi. Sababu zimeelezwa ukurasa wa nne: marehemu mmoja, ambaye ni mkwe wa mwandishi na alikuwa na nyumba mbili, Panda na Kambove, amehesabiwa kama watu wawili. Mwandishi alijulishwa, akapewa muda, akanyamaza.

Uliniomba niandike kwamba wewe ni mlevi. Nisingeweza. Mpimaji haandiki uongo.

Kwenye hitimisho nimeweka sentensi hii: mtu aliyekosea wafu mara moja, watu hawatamwamini hata akisema mvua inanyesha. Sikutaja ni maneno ya nani.

Kadi uirudishe kwa mkono wa Idi kabla ya mwisho wa mwezi.

Émérence Ngoie, mpimaji


Likasi, tarehe 2 Juni 2025

Mama Émérence,

Jambo yenu. Mimi ni Bénie, Mama Stéphanie, binti wa Papa Germain. Shule yangu ni ndogo, utanivumilia. Anwani yako nimepewa na Idi.

Nakupa habari za huku, labda hazijafika kwenu. Ukurasa wa nne msemaji aliusoma redioni, saa ileile ya kipindi cha Papa. Alisema, "Kama hajui kuhesabu kumi, tutaaminije kwamba kulikuwa hata na mmoja?" Watu wengine walicheka sokoni. Tume haikuja. Karatasi ya kifo cha mume wangu imeletwa wiki iliyopita, ina muhuri mzuri. Inasema ameuawa na udongo. Mimi ndiye niliyemwosha. Udongo hautoboi mtu kifuani matundu mawili.

Papa walimchukua Jumanne, tarehe 20 Mei. Kosa ni kusambaza uvumi. Yuko huko Lubumbashi, kwenu.

Ile siku ukurasa uliposomwa, Papa aliizima redio akaja kwenye cherehani yangu. Akapiga magoti, mtu mzima yule, na magoti yake yanauma. Akaniomba msamaha kwa ajili ya Barnabé. Akalia. Nikamwambia, "Papa, minye nilikuwa najua." Akajishikiza kwenye cherehani akainuka. Redio hakuiwasha tena mpaka gari lilipokuja kumchukua.

Nilijua, Mama. Nilijua tangu Jessy hajazaliwa. Gauni la kwanza la Jessy limetoka kwenye cherehani yangu. Usidhani nilifurahi. Nilimlilia Barnabé akiwa mzima, nikamtukana, nikamaliza. Siku waliyoleta maiti kwetu nikamfikiria yule mwenzangu wa Kambove, kwamba yeye hana hata maiti ya kulilia. Nikaenda kwa Mama Mado nikamwambia apeleke viti ishirini, aandike Papa Jessy, na Papa asiambiwe. Mama Mado akaniambia, "Bénie, weye iko na roho gani?" Mimi mwenyewe sijui.

Kwa hiyo kilio cha kumi na moja nilikiagiza mimi.

Papa nilimficha kwa sababu alimpenda Barnabé. Sikutaka amchukie kaburini. Papa aliporudi na hesabu yake akasema, "Bénie, ni bantu kumi na mumoya." Nilikuwa na pini mdomoni. Ningeweza kuzitoa nikasema, hapana Papa, ni kumi. Niliona mmoja akizidi hatamdhuru mtu. Kosa hilo ni langu, ninalibeba, sikusukumii wewe.

Lakini Mama Mado alikuambia uniulize. Idi anasema siku ile alikushusha kwenye kona yetu kabisa, kando ya mti wa umeme. Mlango wangu uko wazi mchana kutwa kwa sababu ya wateja. Ungeingia tu, ungesema, Mama Stéphanie, ya Kambove ni nini? Ningekuambia yote kabla hujakaa. Na Papa angesema hewani, na nisingekufa kwa aibu. Papa alinihurumia, wewe ukanihurumia, na hakuna aliyeniuliza kitu.

Sasa ninaomba jambo moja. Nimezipita nyumba zote, na ya Colette pia, tulikwenda wote wawili. Nimeandika majina yao kamili, la ubatizo na la ukoo, na mbele ya kila jina mwenye mfu wake ametia alama ya kidole. Ni kumi. Nimeyafunga kwenye bahasha ndogo ili Idi asipate taabu njiani. Wahesabu mwenyewe, halafu uandike tathmini upya. Kumi tu. Kwa hiyo tume itakuja, na Papa watamwachia.

Na jambo lingine. Waliomchukua Papa walituachia nakala ya ripoti yako, na ukurasa wake wa mwisho una mstari wa tisa, wa mpimaji. Unauliza kama una ugomvi na Papa. Umeandika, hakuna. Mwaka ule alipokufukuza nilikuwa na miaka kumi na miwili. Uwanjani kwetu shuleni tuliyaigiza maneno yale, ya nyanya ku soko, tukacheka mpaka tukalala chini. Mimi ndiye niliyekuwa nikiigiza sauti yako. Unisamehe.

Bénie, Mama Stéphanie


Lubumbashi, tarehe 9 Juni 2025

Mama Stéphanie,

Barua yako imefika, na bahasha ndogo pia.

Kwa kanuni za Kamati, ushahidi wa ndugu wa marehemu haupokelewi, wala wa ndugu wa mwandishi. Wewe ni mjane wa mmoja na binti wa mwingine. Wale waliotia vidole nao ni wajane na mama zao. Wote mna upendeleo. Tathmini ya tarehe 14 Aprili inabaki kama ilivyo.

Hayo ni ya Kamati. Haya ni yangu, na barua hii ukimwonyesha mtu nitasema sikuiandika.

Kona yenu niliiona. Mlango ulikuwa wazi, na niliisikia cherehani. Nilijiambia kwamba ninakuhurumia. Ukweli ni kwamba niliogopa ungenipa maelezo mazuri, ningelazimika kumpa baba yako alama nzuri, na nilikuwa nimengoja miaka kumi na minne.

Jumapili nilimpelekea chakula kule alikofungiwa, wali na samaki, na shuka. Mlinzi alirudi navyo. Alisema mzee aliuliza vimetoka kwa nani, na alipoambiwa akageukia ukuta. Wewe mletee, vyangu havipokei.

Kuhusu kuigiza sauti yangu, nimekusamehe. Hilo halikunigharimu kitu.

Nikiifungua bahasha yako nitayajua majina. Nikiyajua nitalazimika kuandika upya, nikiandika upya wataniuliza mstari wa tisa, na kadi itakayorudishwa safari hii itakuwa yangu. Nilihesabu nyanya sokoni kweli, Mama Stéphanie, miaka miwili, kabla sijapata kazi nyingine. Sirudi huko.

Majina ninayarudisha kwako kwa mkono wa Idi. Bahasha sikuifungua.

Émérence Ngoie